Redio ya Nani, Mawe ya Nani



Leo ninajibu barua. Imetoka kwa binti wa Pepa, kule juu Marungu, teritwari ya Moba, nchi ya ng'ombe na baridi. Mwaka jana alipata diploma yake ya Serikali, nyumbani wakauza maharage, wakaongeza na ng'ombe mmoja, wakampeleka Lubumbashi kuanza L1, mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, katika Sayansi ya Habari na Mawasiliano. Anaandika vizuri binti huyu, na ana hasira kidogo. Alidhani atafika tu na kupewa maikrofoni. Badala yake amekabidhiwa somo la Historia ya Vyombo vya Habari, na ile silabusi aliyouziwa inaanza na Gutenberg wa Mainz, miaka ya 1450. Inapita Strasbourg, inafika Paris mwaka 1631 kwa bwana Théophraste Renaudot na gazeti lake La Gazette, inavuka kwenda Uingereza, inakwenda Marekani, na Kongo inatokea karibu na mwisho, kurasa chache, Léopoldville na Élisabethville, yaani Kinshasa na Lubumbashi za leo, basi. Likizo alipopanda nyumbani, mjomba akamwuliza mbele ya watu: mwanangu, ng'ombe tumemwuza ili ukariri magazeti ya Wazungu waliokufa zamani? Binti akanyamaza. Sasa ananiomba mimi nimtafutie jibu la kumpelekea mjomba.

Mdogo wangu, jibu lipo, ila litazunguka kidogo. Uniwie radhi, redio ndiyo kazi yangu na maneno hayaniishi.

Kwanza nimtetee mwalimu wako. Huyo Renaudot usimdharau. Alikuwa daktari, mtu wa dawa na wagonjwa, lakini akapata kwa mfalme ruhusa ambayo hakuna mwingine mjini Paris aliyekuwa nayo, ruhusa ya kuchapa habari kila wiki. Nyuma yake alisimama Kadinali Richelieu, mkubwa wa serikali, na mfalme Louis wa 13 mwenyewe alikuwa akipeleka makala. Ukilisoma hilo polepole, utaona gazeti la kwanza la Ufaransa lilizaliwa likiwa limeshikwa mkono na wakubwa. Sasa funga silabusi uangalie huku kwetu. Kibali cha redio kinatoka kwa nani? Nani akikasirika asubuhi, jioni stesheni imenyamaza? Mwaka 1631 wenyewe hauna faida kwako ila ya alama za mtihani. Ukariri, uzipate hizo alama, kisha ubaki na yale maswali yaliyofichwa ndani yake: nani alitoa ruhusa, nani alilipa, na nani alikuwa na uwezo wa kupokea. Hili la tatu husahauliwa sana na silabusi. Nalo ndilo swali la mtu wa Pepa.

Nikupe kisa ambacho nadhani hata mwalimu atakifurahia. Kabla ya vita kuu ya kwanza, mfalme Albert wa Wabelgiji alitaka simu ya upepo, telegrafu isiyo na waya, iunganishe Brussels na Kongo. Kazi akapewa mtaalamu mmoja, Robert Goldschmidt. Huku Kongo vikasimikwa vituo, na kule Laeken, kwenye makao ya mfalme, ukajengwa mtambo mkubwa. Walipokuwa wakiujaribu mtambo huo, wakagundua unaweza kubeba sauti. Tarehe 28 Machi 1914 wakarusha hewani tamasha la muziki kwa yeyote mwenye chombo cha kupokelea, na wakaendelea hivyo Jumamosi kwa Jumamosi. Ni kati ya matangazo ya kwanza kabisa ya kawaida barani Ulaya. Agosti ya mwaka ule ule Wajerumani wakaingia Ubelgiji, na Wabelgiji wakauharibu mtambo wao wenyewe usichukuliwe na adui.

Umeona mambo hayo? Mtambo uliojengwa ili Brussels iweze kuamrisha Boma, makao makuu ya koloni wakati ule, ndio uliowaletea Wabelgiji muziki nyumbani kwao. Huku kwetu zilifika amri na hesabu za mpira na madini kwa alama za telegrafu. Kwa hiyo ukikuta mahali silabusi inasema redio "ilifika" Afrika kutoka Ulaya, weka alama ya kuuliza pembeni, kwa kalamu ya risasi, usimkasirishe mtu. Kongo ilikuwemo tangu mwanzo, kama sababu ya kazi. Kiti cha kukaa na kusikiliza ndicho kilichocheleweshwa.

Kilicheleweshwa kweli kweli. Mwaka 1937 Wajezuiti wa Collège Albert, Léopoldville, walianzisha Radio Léo. Mwaka 1939 akaja bwana Jean Hourdebise na Radio Congolia. Tarehe 1 Oktoba 1940, Ubelgiji ikiwa imekaliwa na Wajerumani, ikafunguliwa Radio Congo Belge ya serikali. Mwaka 1943 ukawashwa mtambo mwingine wenye nguvu hapo hapo Léopoldville, na kazi yake ilikuwa kuwasemesha Wabelgiji walioko Ulaya. Sauti ikatoka kando ya mto Kongo, ikavuka bahari, ikaenda kutuliza watu wa Brussels. Mkongomani anayepita barabarani alisikia labda kupitia kipaza sauti kilichotundikwa mtaani. Na kipaza sauti cha mtaani, wapendwa, ni kitu cha ajabu kidogo: hukizimi, huchagui stesheni, huongezi wala hupunguzi. Unasimama au unaondoka. Vipindi vilivyopangwa kwa ajili ya Waafrika, kwa utaratibu wa serikali, vilianza kushika njia mwaka 1949.

Sasa nikae kidogo hapo 1949, maana mwaka huo huo, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, kulitokea jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kwetu alijue. Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilikuwa na stesheni Lusaka iliyotangaza kwa Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine za nchi. Tatizo ni kwamba watu hawakuwa na redio. Redio za wakati ule zilikuwa kabati zima, zilitaka umeme, na bei yake ilikuwa ya bwana mkubwa. Mkuu wa idara ya habari, Harry Franklin, akazunguka kwa watengenezaji wa Uingereza akiomba redio ndogo ya mawe, yaani ya betri, ya bei nafuu, inayoshika masafa mafupi. Wengi walimkatalia. Kampuni ya Ever Ready ikakubali. Kwa kupunguza gharama, mafundi wakatafuta mwili wa redio ulioko tayari sokoni, wakaupata kwa mtengeneza vyombo vya jikoni: sufuria ya aluminiamu, upana inchi 9, isiyo na mpini. Wakaipaka rangi ya buluu, wakatia vyombo ndani, wakaweka vifundo mbele. Betri ilikaa nje, pembeni, kubwa, na iliweza kwenda saa kama 300. Bei pauni 5, betri ikilipiwa kando. Ndiyo ile redio ya sufuria.

Pauni 5 hazikuwa chache. Walionunua ni wenye mshahara: walimu, makarani, watu wa migodi. Lakini sufuria moja ikinunuliwa, jioni ua unajaa. Barua za wasikilizaji zikamiminika Lusaka, nyingine za kuagiza wimbo, nyingine za kulalamika. Hapo historia ya redio inaacha kuwa historia ya mtambo, inakuwa historia ya ua wa mtu: nani amekaribishwa ndani, nani anasikilizia kwenye ukuta, watoto wamekatazwa kupiga kelele, na mwenye redio ameanza kuitwa mzee kabla ya umri wake. Miaka michache baadaye zikaja transista, ambazo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na polepole redio ikawa kitu cha kubebwa begani kwenda shamba. Ua ukapungua watu. Jambo hilo nalo ni historia, ingawa hakuna waziri aliyelitangaza.

Turudi kwetu Kongo. Usiku mmoja wa mwaka 1960 ndio unaonifanya niseme somo hili lingefaa kufundishwa hata sekondari. Tarehe 5 Septemba, saa mbili usiku na kitu, Rais Kasavubu aliingia kwenye redio ya Léopoldville akatangaza kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Kwa wasiwasi ulimi ukateleza, badala ya kumwita waziri mkuu akamwita meya wa kwanza. Haikupita muda Lumumba naye akafika studio, akasema hajaondoka, na kwamba Kasavubu ndiye si rais tena. Kabla ya usiku ule kwisha Lumumba alizungumza mara tatu. Fikiria mtu aliyekaa na redio yake: rais amemfukuza waziri mkuu, waziri mkuu amemfukuza rais, na vyote vimetoka kwenye kijungu kimoja, masafa yale yale.

Kesho yake Umoja wa Mataifa, ukiongozwa pale na Mmarekani Andrew Cordier, ukaifunga stesheni. Ukisikia hivyo utasema wamefanya haki, wamewanyamazisha wote wawili. Angalia ramani. Ng'ambo ya mto ni Brazzaville, na Brazzaville rafiki wa Kasavubu alikuwa na redio yenye nguvu. Kasavubu akaendelea kusikika. Élisabethville nako Tshombe, aliyeongoza Katanga iliyojitenga, alikuwa na Radio Katanga yake, haikufungwa na mtu. Aliyekosa pa kusemea ni Lumumba. Tarehe 11 akajaribu kuingia studio, akazuiwa mlangoni na askari wa Ghana waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa, askari wa nchi ya Nkrumah, rafiki yake mkubwa. Siku tatu baadaye Kanali Mobutu wa jeshi la Kongo akatangaza, kwa redio, kwamba amewasimamisha wanasiasa.

Mwambie mjomba wako kisa hiki. Mwulize, kama stesheni si kitu, kwa nini waliifunga hiyo kabla ya kufunga benki?

Miaka ya Mobutu nitaipita haraka, silabusi yako itakuwa nayo kwa wingi. Novemba 1965 anachukua nchi, Novemba 1966 televisheni inaanza, baadaye redio inaitwa La Voix du Zaïre, na kila jioni, kwenye televisheni, picha ya rais inashuka kutoka mawinguni kabla ya taarifa ya habari. Gazeti la walowezi wa Élisabethville, L'Essor du Congo la mwaka 1928, likaishia kuitwa Mjumbe: jina Kiswahili, habari ndani Kifaransa. Mwaka 1973 ilianzishwa Kinshasa shule ya waandishi, ISTI, ambayo baadaye ikawa IFASIC na sasa ni chuo kikuu, UNISIC. Kwa hiyo hata hiyo fani unayosomea ilipata nyumba yake chini ya chama kimoja, na walimu wako, au walimu wa walimu wako, walijifunza kusema bila kusema. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akafungua mlango wa vyama vingi, magazeti yakaota kama uyoga, na sheria ya uhuru wa habari ikaja Juni 1996. Imebadilishwa na nyingine ya Machi 2023. Isome hiyo mpya, hata kama mwalimu hajaigusa.

Nina lalamiko moja kwa silabusi nyingi nilizowahi kushika: zinapenda magazeti kuliko masikio. Kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi limeigiza kwa miaka na miaka, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha mitaani, Kiswahili kile kile mwalimu wa sekondari anachokifuta kwa wino mwekundu. Mzee yeyote wa Katanga ukimtajia jina hilo anaanza kucheka kabla hujamaliza. Gazeti lililosomwa na makarani mia chache linapewa ukurasa mzima, Mufwankolo anapewa mstari, akipewa. Anthropolojia ilimwona kabla ya historia ya habari: Johannes Fabian aliandika kitabu kizima kuhusu mchezo mmoja wa kundi hilo. Fabian huyo huyo alichapisha mwaka 1990 maandishi yaliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, historia ya mji wa Élisabethville kama walivyoijua waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu, imeandikwa kwa mashine, kwa Kiswahili chao. Katafute maktaba. Utaona watu ambao hakuna gazeti lililowahoji walivyojitengenezea gazeti lao.

Sasa tupande Marungu.

Unasema katika barua kwamba kwenu hakuna historia ya habari ya kusomea. Hapa sitakubaliana nawe. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Desemba 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Storms aliandika kila kitu katika daftari lake la siku, na daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Watabwa hawakuandika, walisimulia. Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Mmarekani Allen Roberts aliishi Lubanda, huko huko kwa Watabwa, akasikiliza masimulizi hayo, kisha akayaweka kando ya daftari la Storms, na visa viwili havikulingana. Pale ambapo Storms ni shujaa wa kitabu chake, wasimulizi wana mambo mengine ya kueleza. Halafu mwaka 2018 mwandishi Michel Bouffioux akachapisha katika Paris Match ya Ubelgiji uchunguzi juu ya fuvu hilo lililokuwa bado limetunzwa Brussels, na Wabelgiji wengi wakalisikia jina la Lusinga kwa mara ya kwanza. Hesabu mwenyewe njia hiyo ya habari: kutoka mlimani hadi kwenye daftari, kutoka mdomo wa mzee hadi kitabu, na baada ya miaka zaidi ya 130, ukurasa wa jarida la rangi linalouzwa pamoja na picha za wacheza sinema. Profesa gani atakwambia hiyo haimo katika somo lake?

Na Stefano Kaoze je? Alizaliwa huku huku Marungu, akasoma kwa Mapadri Weupe, akapewa upadri tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza Mkongomani wa zama hizi. Kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, alikuwa ameshachapisha katika jarida La Revue Congolaise maandishi yake juu ya fikra za Wabantu. Ni kati ya maandishi ya kwanza ya Mkongomani kuchapwa kwa Kifaransa. Kijana wa mlimani anaandika, jarida linasomwa Ulaya. Swali la mtu wa habari ni hili: nani huku Marungu aliweza kuyasoma wakati ule? Karibu hakuna. Kaoze aliwaeleza watu wake kwa wasomaji wasiowajua, na watu wake wenyewe hawakujua wameelezwa nini. Sisemi alikosea. Nasema jarida lilikuwa na mlango mmoja tu, unaotazama upande ule.

Jambo la mwisho ni zito, na wasikilizaji wa Pepa wanajua ninakoelekea. Oktoba 2000 jeshi la Serikali liliishambulia Pepa, ikatoka mikononi mwa waasi wa RCD na washirika wao wa Rwanda. Baada ya wiki chache ikarudi mikononi mwao, na mwanzoni mwa Desemba Pweto nayo ikaanguka, raia na askari wakavukia Zambia. Jina la Pepa likaingia katika taarifa za dunia kwa siku kadhaa, likatoka. Katika vitabu limebaki kama nukta kwenye ramani ya vita.

Sasa chukua kalamu. Radio Okapi, ile ya Umoja wa Mataifa, haikuwepo, ilianza kurusha tarehe 25 Februari 2002, miezi 16 baadaye. RFI, redio ya Ufaransa, ilikuwepo, kwa Kifaransa. Idhaa yake ya Kiswahili ilifunguliwa Dar es Salaam Julai 2010. Aliyetaka Kiswahili mwaka 2000 alikuwa na BBC, iliyoanza Kiswahili mwaka 1957, na Sauti ya Amerika, na Ujerumani ya Deutsche Welle, zote kwa masafa mafupi. Kinshasa ilisema ya Kinshasa, na waasi walisema ya kwao. Mtu wa Pepa aliyekimbilia porini na watoto alijua nini kuhusu vita vilivyokuwa kwenye kizingiti chake, na alikijua kupitia London, Washington au Cologne? Au alikijua kwa jirani aliyepita mbio? Nani aliiokota redio wakati wa kukimbia, nani aliokota sufuria ya kupikia?

Hayo hayako Lubumbashi. Yako kwenu, na wanaoyajua wanazeeka.

Ukienda kuwauliza, usifanye kama wengi wanaotoka chuo na karatasi ya maswali kumi. Ukimwuliza nkambo wako, bibi au babu, "ulikuwa unasikiliza vipindi gani," atakujibu "habari," na mazungumzo yameisha. Mwulize redio ilikuwa ya nani. Mwulize mawe yalinunuliwa wapi, na yalipoisha mlifanyaje. Hapo uso utabadilika. Atakueleza walivyoyaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu ya robo saa, tena wakayapanga upya, la mbele nyuma na la nyuma mbele. Atakueleza waya wa antena uliofungwa kwenye mti, na mtoto aliyetumwa kuushika juu ili sauti isipotee. Atakumbuka jirani aliyeazima redio siku ya mpira, akairudisha mawe yamekufa. Akifika hapo, atakuambia bila wewe kuuliza ni sauti ya mtangazaji gani aliyoiamini, na ni siku gani aliacha kuiamini. Andika maneno yake kama alivyosema, Kiswahili chake, na kama ni Kitabwa basi Kitabwa. Usimsahihishe.

Mjomba atauliza pia kama kazi hii inalisha. Sitamdanganya. Katika redio nyingi za jimbo letu mtangazaji hana mshahara wa kuitwa mshahara, anaishi kwa kupaji, ile bahasha ya aliyemwita kwenye sherehe au mkutano. Lakini kupaji nayo ina historia, nayo ni ile ile ya Renaudot: asiyelipwa na msikilizaji atalipwa na anayetaka kusemewa. Mtu aliyesoma hilo akipokea bahasha anajua anachokipokea. Kama atairudisha, sijui. Ni heri ajue.

Na kwa kuwa umesema mwisho wa mwaka mtatakiwa kufanya kazi ndogo ya utafiti, nikupe moja isiyohitaji nauli ya Kinshasa. Redio zetu ndogo hazina kumbukumbu za sauti. Kanda zilifutwa zikarekodiwa tena, simu za watangazaji zikaibwa au zikafa na kila kilichomo. Ila karibu kila redio ina madaftari ya komunike, yale matangazo ya kulipia: fulani aliyeko machimboni anajulishwa mama yake ni mgonjwa, arudi haraka, familia ya fulani inatangaza matanga, ng'ombe amepotea, ana alama sikioni. Yamerundikwa kwenye kabati au chini ya meza, panya wamekwisha kuanza. Hakuna anayeyahesabu kuwa historia, wakati mle ndani kuna vifo vya miaka, barabara zilizokatika, machimbo yaliyovuta vijana, magonjwa yaliyopita kijiji kwa kijiji, na lugha watu walivyoandika walipokuwa na franka za maneno machache tu. Nenda kwa mkurugenzi wa redio iliyo karibu nawe, mwombe kwa heshima, mwambie utanakili pale pale bila kutoa daftari nje. Chora safu zako: tarehe, aliyetuma, anakotoka, anayetafutwa, alikodhaniwa yuko, tangazo limesomwa mara ngapi. Na bei, usisahau bei, maana ilipopanda watu walifupisha sentensi, na utataka kujua ni neno gani walianza kulikata.